Kabla ya miche kulikuwa na seli: Wangari Maathai na ng'ombe wa Nyeri

Mfugaji wa Tetu au Mukurwe-ini ambaye ng'ombe wake amezaa pacha, dume na jike, huwa hana haraka ya kusherehekea. Majirani watakuja kuwatazama ndama, watampa hongera, kisha mzee mmoja atauliza kama yule jike anauzwa. Wafugaji wa upande huu wa Mlima Kenya wanajua kwa uzoefu kwamba mtamba aliyezaliwa pamoja na fahali ni nadra kushika mimba. Utamkatia majani ya nepia, utamnunulia chumvi, utamwita mtu wa uhimilishaji mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwisho utampeleka kwa mwenye bucha.

Kinachomharibu mtamba huyu hutokea mapema mno, akiwa bado tumboni. Hutokea katika vijitezi viwili ambavyo, saa hiyo, bado havijaamua kama vitakuwa korodani au ovari. Na mtu aliyechagua vijitezi hivyo viwe somo la shahada yake ya uzamivu alikuwa binti wa kijiji cha Ihithe, huko huko Tetu: Wangari Muta Maathai.

Tumezoea kumkumbuka kwa miti, na ni haki yake. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miche 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na vuguvugu la Green Belt likashika mizizi hapo. Tarehe 8 Oktoba 2004 habari za Tuzo ya Nobel ya Amani zilimkuta akielekea Ihithe. Akasimama katika hoteli ya Outspan mjini Nyeri, akapiga magoti, akapanda mti wa Nandi flame akiwa ameuelekea Mlima Kenya. Picha hiyo imemeza mengine yote. Husemwa kwa haraka kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971, kisha msemaji anarudi kwenye miti. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: uzamivu wa nini?

Ulikuwa wa seli. Jinsi seli zinavyogawanyika, zinavyojibagua, zinavyokusanyika kuwa tishu na viungo.

Mwenyewe alipenda kuanzia mbali zaidi ya chuo. Katika hotuba yake ya Nobel mjini Oslo, tarehe 10 Desemba 2004, alisimulia kijito kilichokuwa karibu na kwao, alikotumwa maji na mama yake. Humo aliyaona mayai ya vyura yamejipanga akadhani ni shanga. Kila alipotaka kuyaokota yalimponyoka. Baadaye akakuta viluwiluwi kwa maelfu wakifurukuta majini. Alikisimulia kisa hicho ili aseme kwamba kijito kimekauka. Lakini ukikisikiliza kwa sikio la biolojia, mtoto yule alikuwa ameinamia onyesho la mgawanyiko wa seli ambalo halidai kifaa chochote, macho tu na subira.

Yai la chura ni seli moja, kubwa kiasi cha kuonekana bila hadubini. Likisharutubishwa, linajigawa. Kwa chura wa kucha wa Afrika, ambaye maabara za dunia nzima humfuga kwa ajili ya utafiti wa aina hii, mgawanyiko wa kwanza huja baada ya dakika 90 hivi. Kuanzia hapo, kila nusu saa, seli zote hujigawa tena: 2, 4, 8, 16. Mizunguko 12 ikitimia una seli 4,096, na kama ulianza asubuhi bado ni mchana. Wakati wote huo yai halijaongezeka ukubwa hata kidogo. Ni donge lile lile limekatwakatwa kuwa vyumba vidogo zaidi na zaidi.

Kila mgawanyiko una utaratibu wake. Ndani ya seli mna kromosomu, ambazo ndizo zinazobeba jeni. Ng'ombe anazo 60, binadamu 46. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kromosomu zote. Kisha hutandika nyuzi nyembamba za protini kutoka ncha moja ya seli hadi nyingine, nyuzi hizo zikazishika kromosomu, zikazipanga katikati na kuzivuta nusu huku, nusu kule. Seli hujibana kiunoni, zikawa mbili zilizo sawa. Naomba msomaji asizisahau nyuzi hizo. Zitatuhusu tutakapofika kwenye kupe.

Baada ya kugawanyika kwa pupa, kiinitete hupunguza mwendo na seli huanza kuhama. Nyingine huzama ndani, nyingine hubaki juu, hadi matabaka 3 yakajitenga. La nje litakuwa ngozi na mfumo wa neva. La kati litakuwa misuli, mifupa, damu na figo. La ndani litakuwa utando wa utumbo, ini na mapafu. Hapo ndipo linapokuja swali lililowasumbua wanasayansi kwa miaka mingi: seli ya ini na seli ya ngozi zilitoka yai moja, kwa hiyo je, seli ya ini imetupa maelekezo ya kutengeneza ngozi, au bado inayo?

Jibu lilitoka kwa chura yule yule wa Afrika. Mwaka 1962 John Gurdon wa Oxford alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kwalo alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia katika yai lililonyang'anywa uwezo wa kiini chake. Baadhi ya mayai hayo yakakua hadi kuwa viluwiluwi. Seli ya utumbo, basi, ilikuwa bado inabeba maelekezo ya mwili mzima. Ni kama kwaya ya kanisa: kila mwimbaji ameshika kitabu kizima cha nyimbo, lakini wa besi anaimba besi na wa soprano anaimba soprano. Gurdon alisubiri sana. Nobel ya Tiba aliipata mwaka 2012, pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani.

Wangari wakati huo alikuwa Kansas. Safari yake ya masomo imeandikwa mara nyingi nami sitaikawiza: shule ya bweni ya St. Cecilia katika misheni ya Mathari mjini Nyeri akiwa na miaka 11, Loreto Limuru kuanzia 1956, kisha mwaka 1960 akawa miongoni mwa mamia ya vijana waliosafirishwa kwenda Marekani kwa mpango uliohusishwa na jina la familia ya Kennedy. Katika Chuo cha Mount St. Scholastica mjini Atchison alisomea biolojia, na kando yake kemia na Kijerumani. Alimaliza mwaka 1964 akahamia Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa uzamili. Huko alichunguza tezi ya paineali, kitezi kidogo kilicho kichwani, katika kware wa Kijapani, tangu kinapochipuka katika kiinitete.

Alichokipata Pittsburgh, zaidi ya cheti, ni kazi ya mikono. Kuchunguza tishu si kuchungulia tu kwenye hadubini. Kipande cha kiungo kikishatolewa kinaanza kuoza, kwa hiyo hutiwa upesi kwenye dawa kama fomalini ili seli zake zibaki zilivyokuwa. Maji yake huondolewa taratibu kwa alkoholi, kidogo kidogo, la sivyo tishu hunywea. Kisha kipande hulowekwa katika nta iliyoyeyushwa, nta ikaingia kila mahali palipokuwa na maji, na ikipoa una tofali dogo gumu. Tofali hilo hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali, vipande vyembamba vya unene wa sehemu 5 hivi kati ya 1,000 za milimita. Mkono ukitetemeka, kipande kimejikunja. Wembe ukiwa na pengo, kipande kimechanika. Vikifaulu vinabandikwa kwenye kioo na kutiwa rangi, maana tishu tupu haionyeshi kitu. Rangi inayotumika kuliko zote, hematoksilini, hutolewa kwenye gogo la mti unaoota Amerika ya Kati. Huvitia viini vya seli buluu iliyoiva, na eosini huvitia vilivyobaki waridi. Kwa hiyo hata katika maabara, mti ulikuwa umeshaingia.

Ujuzi huo ndio uliomwokoa. Alirudi Kenya mwanzoni mwa mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi katika idara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kikiwa bado chuo kishiriki, akakuta nafasi imepewa mwingine. Katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, alisema waziwazi kwamba aliona hapo ukabila na ubaguzi dhidi ya wanawake. Baada ya kutangatanga alikutana na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo. Hofmann alihitaji mtu anayejua kuandaa tishu. Mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake, na Kijerumani kidogo anakijua. Mwaka 1967 Wangari akaenda kusoma Giessen na Munich, akarudi 1969, na mwaka 1971 akatunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Tasnifu yake ilihusu jinsi tezi za uzazi za ng'ombe zinavyokua na kujibagua.

Sasa turudi kwa yule mtamba, maana sehemu hii ya biolojia ina utamu wake.

Mimba ya ng'ombe ni ya miezi 9 na siku kadhaa. Katika wiki za mwanzo, ukikitazama kiinitete cha dume na cha jike kwa hadubini, hutaona tofauti. Wote wana vijitezi viwili vya namna moja karibu na figo changa, na kando yake mifereji ya aina mbili: mmoja ungeweza kuwa njia ya mbegu za kiume, mwingine ungeweza kuwa mji wa mimba. Seli zitakazokuja kuwa mbegu au mayai hazitoki kwenye vijitezi hivyo. Zinazaliwa mbali, kwenye ukuta wa mfuko wa kiini, kisha zinasafiri zenyewe kupitia tishu za kiinitete hadi zinapofika nyumbani. Nikiwaza kwamba kila kiumbe tunachokikamua au kukichinja kimepitia hijra hiyo, huona kwamba vitabu vyetu vya shule vimelipita jambo hili upesi mno.

Karibu siku ya 40 mambo huanza kutengana. Kwa dume, kundi la seli ndani ya kijitezi huzizingira zile seli zilizosafiri, zikajipanga kuwa vijia. Huo ndio mwanzo wa korodani. Seli hizo za kuzingira hutoa homoni inayoufisha ule mfereji wa mji wa mimba. Seli nyingine jirani zinaanza kutoa homoni ya kiume, na mfereji wa mbegu unanawiri. Kwa jike hakuna homoni hizo, kwa hiyo mfereji wa kike unaendelea na wa kiume unanyauka, na kijitezi, kwa mwendo wa polepole zaidi, kinakuwa ovari. Jeni inayofungua njia ya dume iligunduliwa mwaka 1990 na watafiti wa London, kwenye kromosomu Y. Mwaka 1971 hakuna aliyekuwa nayo. Wakati huo kilichokuwepo ni wembe, nta, rangi na jicho lililofundishwa: kukata viinitete vya umri tofauti, kuvipanga kwa siku zake na kueleza ni lini hasa seli gani imebadilika ikawa nini.

Pacha wa ng'ombe wana hitilafu moja ambayo si ya kosa la mtu. Makondo yao, mara nyingi, huungana mishipa ya damu. Damu ya dume humwingia jike, na pamoja nayo homoni ya kuufisha mfereji wa kike. Ile homoni haiulizi imo katika mwili wa nani. Hukuta mfereji, huufisha. Ovari za mtamba zinabaki changa au zinachukua sura ya korodani, na mji wa mimba haukamiliki. Frank Lillie wa Chuo Kikuu cha Chicago alilieleza jambo hili mwaka 1916 na 1917 kwa kuchunguza pacha kutoka machinjioni, naye alipata moja kwa moja kwamba chanzo ni damu iliyochanganyika. Katika kila mitamba 100 iliyochangia mimba na dume, zaidi ya 90 ni tasa.

Kwa hiyo mzee anayemuuliza mfugaji kama anauza ana takwimu nyuma yake, hata kama hajawahi kuzisikia. Hata hivyo, wale wachache wanaoponyoka ni mali, na si lazima mfugaji asubiri miaka miwili kujua. Daktari wa mifugo anaweza kumpima ndama katika wiki zake za kwanza kwa kuingiza kijiti laini ukeni: kwa ndama wa kawaida huingia sentimita 13 hivi, kwa aliye tasa huishia nusu ya hapo au chini yake. Upo pia uchunguzi wa damu unaotafuta seli zenye kromosomu Y ndani ya mwili wa jike. Na kwa kuwa maneno hayakosi: kwa binadamu makondo ya pacha wa kike na wa kiume kwa kawaida hayaungani damu, hivyo binti aliyezaliwa na kaka yake asitazamwe kwa jicho la mtamba.

Baada ya uzamivu Wangari aliendelea kufundisha anatomia ya mifugo, akawa mkuu wa idara mwaka 1976 na profesa mshiriki mwaka uliofuata. Katikati ya miaka hiyo alianza utafiti mwingine, na huu ndio uliomtoa maabarani. Alitaka kujua maisha ya kimelea cha ndigana kali ndani ya kupe wa sikio la ng'ombe. Alikwenda viungani mwa Nairobi kukusanya kupe kutoka kwa ng'ombe wa watu. Kupe aliwapata. Lakini, kama alivyoandika baadaye, aliona pia mito ikiteremka na udongo mwekundu kila mvua iliponyesha, na ng'ombe waliokonda hadi mbavu zinahesabika kwa kukosa malisho. Akaanza kushuku kwamba adui mkubwa wa ng'ombe wale hayumo kwenye kupe pekee. Njia ya kwenda Kamukunji ilianzia sikioni mwa ng'ombe.

Wafugaji wa Nyeri hawahitaji kuelezwa ndigana kali ni nini. Kwanza unaona tezi chini ya sikio imevimba, kisha ya begani. Homa inapanda, ng'ombe wa gredi anaacha kula, maziwa yanakatika, anapumua kwa shida na povu linamtoka puani. Asipotibiwa upesi hufa katika wiki chache. Ambalo wengi hawajalisikia ni kile kinachoendelea ndani, nacho ni mojawapo ya visa vya ajabu kabisa katika elimu ya seli.

Kimelea hicho, Theileria parva, huingia ndani ya seli nyeupe ya damu, ile ile iliyowekwa kuulinda mwili. Hakiiui. Hukiuka maagizo yake na kuiamrisha igawanyike, na igawanyike tena, bila kusubiri ruhusa ya mwili. Na seli inapogawanyika, kimelea hujishika kwenye zile nyuzi za protini nilizomwomba msomaji asizisahau. Nyuzi zinavuta kromosomu kwenda pande mbili, kimelea nacho kinavutwa na kukatika pande mbili pamoja nazo. Kila seli mpya inazaliwa tayari na mgeni wake. Tezi ile inayovimba chini ya sikio ni umati wa seli zilizolazimishwa kuongezeka, na zinapoenea hadi mapafuni ng'ombe anakosa pumzi.

Kazi kubwa ya kuyagundua haya ilifanyika kwetu, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, kilometa chache kutoka Nairobi. Mwaka 1964 watafiti wa huko walieleza jinsi kimelea kinavyogawanyika sambamba na seli inayokihifadhi, na mwaka 1970 wengine wa hapo hapo walionyesha kwamba seli zilizoambukizwa zinaweza kuoteshwa kwenye chupa na kuendelea kugawanyika bila kikomo. Ni tabia ya saratani, ila ina mlango wa kurudi: ukimuua mgeni kwa dawa ya buparvakwoni, seli huacha kugawanyika. Sijui mfano mwingine unaofundisha kwa uwazi hivi kwamba kugawanyika kwa seli ni jambo linaloongozwa, na kwamba usukani unaweza kuibwa. Mwalimu wa biolojia wa Endarasha au Kimahuri anayetafuta mfano wa somo lake hana haja ya kuvuka bahari. Uko kwenye boma la jirani, na ulichunguzwa na mtu aliyezaliwa upande wa pili wa kaunti.

Miti nayo? Miti ina tabia yake. Ng'ombe akishakamilisha viungo vyake vya mwili, amekamilisha. Haoti mguu mwingine. Mti haukamiliki kamwe. Kwenye ncha ya kila chipukizi na kila mzizi mna kikundi cha seli changa zisizokoma kugawanyika, na chini ya gome mna tabaka jembamba, linaloteleza ukilibandua, ambalo kila msimu hutengeneza mbao upande wa ndani na njia ya chakula upande wa nje. Mche wa Wangari uliopandwa Outspan unanenepa kwa tabaka hilo.

Wakulima wa kahawa hulitumia bila kulitaja kwa jina la kitabuni. Mwenye mibuni ya zamani ya SL28 huko Othaya, aliyechoshwa na chulebuni na kutu ya majani, hang'oi shamba. Hukata shina, huacha machipukizi yaote, kisha huyapachika vijiti vya Batian, aina iliyotolewa na watafiti wa kahawa wa Ruiru mwaka 2010 na kupewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya. Akifunga nailoni barabara na matabaka mawili ya chini ya gome yakagusana, seli za pande zote mbili hugawanyika, huziba jeraha kwa tishu laini isiyo na kazi maalumu, na baadhi yake zikajibagua kuwa mirija ya maji inayounganisha vya huku na vya huko. Matabaka yasipogusana, kijiti kinakauka. Hakuna fundi wa kupachika asiyelijua hilo, na wengi wao hawakusoma zaidi ya darasa la nane.

Wangari Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, akiwa na miaka 71, kwa saratani ya ovari. Sitaki kulitafutia fumbo jambo hili. Kwamba msomi wa ovari na korodani za ng'ombe aliondolewa na ugonjwa wa kiungo hicho ni sadfa, na ugonjwa haumchagui mtu kwa tasnifu yake. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa somo alilolisoma. Saratani ni seli iliyopoteza breki: jeni zinazosimamia mgawanyiko zimeharibika, moja baada ya nyingine, na seli inaendelea kujigawa bila kuulizwa, inasahau kazi yake ya tishu, inahama na kuota kwingine. Tofauti yake na ndigana kali ni kwamba hapa hakuna mgeni wa kumuua. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha hata kwamba nyingi za zile tunazoziita saratani za ovari huanzia kwenye mrija unaopokea yai, ndipo zikahamia kwenye ovari.

Jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu mikutano ya kina mama huko Karatina na Othaya husikia zaidi kuhusu saratani ya mlango wa kizazi: kipimo cha mlango wa kizazi hakionyeshi saratani ya ovari. Mwanamke aliyepimwa na kuambiwa yuko salama ameambiwa habari za mlango wa kizazi tu. Kwa ovari hakuna hadi leo kipimo cha kuaminika cha kuwapitishia wanawake wote wasio na dalili. Zilizopo ni dalili, nazo hujificha nyuma ya mambo ya kila siku: tumbo kujaa na kuvimba, maumivu ya kinena au tumbo la chini, kushiba baada ya kula kidogo, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Nyingi huchukuliwa kuwa asidi au uzee. Basi dada, mama au nyanya, dalili kama hizo zikianza upya na kukurudia siku nyingi kwa wiki mbili au tatu, nenda hospitali, na ukifika taja ovari kwa jina lake. Na kama mama yako, dada yako au shangazi aliugua saratani ya ovari au ya matiti, mwambie daktari hata kabla hajakuuliza.